Watu Tuliowapeleka Kutolewa Damu

Kaka yangu alikufa akiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani ya chai. Alikuwa ameshusha kikapu chake, akasema mgongo unamchoma katikati ya mabega, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, kisha akaketi kwenye nyasi. Watu walicheka kwanza. Alikuwa mtu wa mizaha, na mtu mrefu kiasi kile akikunjika ghafla anachekesha. Karani alipomwita asogee kwenye mzani hakuitika. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega, akaanza kupiga mayowe.

Mimi nilikuwa mjini Litein, kwenye cherehani yangu. Nilikuwa fundi wa nguo, na mteja wangu mgumu kuliko wote alikuwa huyo kaka. Hakuna shati la dukani lililomfika kwenye vifundo vya mikono. Suruali zake nilikata kitambaa cha watu wawili. Sokoni walizoea kumwuliza kama huko juu mvua imeshaanza, naye aliwajibu kwamba imeanza zamani, wao ndio wamechelewa kupata habari. Vidole vyake vilikuwa virefu mno, na wazee walisema viliumbwa kwa ajili ya kuchuna chai. Hatukuwahi kuviona kama ugonjwa. Nani angeviona?

Ni macho yaliyompeleka hospitali, miezi michache kabla ya kufa. Alikuwa haoni vizuri, na daktari wa macho akasema kioo cha ndani ya jicho kimeteleza kutoka mahali pake, kwenye macho yote mawili. Akamtuma kwa daktari mwingine, kijana mmoja aliyetoka upande wa Nyeri, aliyekuwa amesomea ng'ambo. Huyo alimsikiliza moyo kwa muda mrefu, akamtoa damu, akamkataza kubeba mizigo. Kaka alirudi nyumbani akicheka. "Daktari amesema nisibebe kikapu. Sasa ni yeye atakuja kunibebea?" Akaendelea kubeba.

Baada ya mazishi daktari yule aliniita. Nilikwenda nikidhani nitapewa pole. Pole alinipa, kisha akaniambia nishike kifundo cha mkono wangu wa kushoto kwa kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Vidole vyangu viligusana, vikapitana kidogo tu.

"Kaka yako, vyake vilipitana sana," alisema. "Fundi, wewe unajua nguo. Nguo inaweza kuwa kitambaa kizuri kabisa, lakini kama uzi ni mbovu?"

"Inaachia kwa mshono."

"Sasa mwili uko na uzi wake pia. Unashika macho, unashika mifupa, unashika ule mshipa mkubwa unatoka kwa moyo. Kaka yako alizaliwa na uzi mbovu. Ule mshipa uliachia."

Alinieleza kwamba ugonjwa huo unarithiwa, na kwamba ng'ambo wataalamu walikuwa wamegundua, si miaka mingi iliyopita, jeni inayouleta. Damu ya kaka ilikuwa huko tayari. Lakini jeni hiyo ni ndefu mno, na kosa la kila ukoo liko mahali pake. Ili walipate la kwetu walihitaji damu ya jamaa, wagonjwa kwa wazima, walinganishe. Mzazi mwenye kosa hilo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kulipata.

"Uko na watoto?"

Nilikuwa na mmoja, msichana wa darasa la nne. Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa kizingitini anakula muhindi. Nikamwambia tucheze mchezo. Nikamwonyesha jinsi ya kushika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilizunguka, vikakutana, na kile cha mwisho kikapita juu ya gumba, kucha yote na zaidi. Aliniangalia akitabasamu, akitaka kujua kama ameshinda.

Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu. Niliogopa. Sijui neno jingine la kulipamba jambo hilo. Tangu siku hiyo kila alipokimbia nilikimbia na macho yangu nyuma yake, na kila alipokaa ghafla nilimwinua nimtazame uso. Tulipelekwa Nairobi akapigwa picha ya moyo, wakasema bado ni mdogo, hawaoni kitu, lakini kutoonekana leo si ahadi ya kesho. Daktari aliniambia kitu kimoja nilichokishika kama kamba: kama mimi sina kosa hilo, mtoto hawezi kuwa amelipata kwangu. Kwa hiyo mlango ulikuwa mimi. Kabla ya hapo ilibidi ijulikane kosa lenyewe liko wapi, na limeingia kwetu kwa nani.

Ndipo alipofungua mkebe wake wa chakula cha mchana. Alikuwa amebeba githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kama watu wa kwao. Akachota kijiko kimoja, akakimimina kwenye sahani, akaanza kuupanga ukoo wetu humo, punje za mahindi kwa wanaume na maharagwe kwa wanawake. Haragwe moja, mama. Chini yake punje, kaka. Haragwe, mimi. Haragwe dogo, binti yangu.

"Mama yako ni mrefu?"

"Mfupi. Na macho yake yanaona sindano."

"Na baba?"

"Alikufa. Uzee tu."

"Alikuwa mrefu?"

"Hata kunishinda mimi hakunishinda."

Akaweka punje kando ya haragwe la mama. "Baba alikuwa na ndugu? Wako hai?"

Nikasema wako wawili, na ni wafupi pia, wanene, na mmoja ni mbishi. Daktari aliitazama sahani, na uso wake ukalainika. Akasema kama wazazi wote wawili walikuwa hivyo, basi huenda kosa lilianza na kaka mwenyewe, tumboni, bila kurithiwa. Hilo hutokea. Kama ndivyo, mimi na mtoto tungekuwa tumepona kabla hata ya kupimwa. Nilete wale wazee na mama, tutolewe damu sote, tuthibitishe.

Nilitoka pale nikitembea kama msichana. Hakuna neno hata moja nililomdanganya. Mtu wa kwetu angeniuliza maswali yale yale ningempa majibu yale yale.

Baba zetu wadogo walikuja wamevaa koti za kanisani. Yule mbishi alitaka kujua kwanza kama damu itapimwa ukimwi, kwa sababu miaka ile mtu akitolewa damu, jirani alikuwa ameshapata jibu kabla ya maabara. Daktari akaapa haitapimwa. Mzee akakunja mkono wa shati, akafumba macho, na sindano ilipotoka akadai chai yenye sukari nyingi kama malipo. Tulicheka sana siku hiyo. Mama peke yake hakucheka. Alitoa mkono wake, akatolewa damu, akafunga leso, akasema ng'ombe wanamngoja. Tulipokuwa njiani nilimweleza habari njema, kwamba huenda sisi ni wazima. Alijibu, "Mungu asaidie," akaongeza mwendo.

Miezi ikapita, mirefu. Nilijifunza kutumaini asubuhi na kuogopa jioni. Kisha siku moja daktari akaja nyumbani kwetu mwenyewe. Miaka ile ya mapigano ya makabila haikuwa jambo jepesi mtu wa kutoka kwao kutembea peke yake vijijini kwetu, kwa hiyo nilipomwona akishuka kwenye kilima, katikati ya michai, nikajua hajaja kunywa chai. Mama alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Daktari alikaa kwenye ukingo wa kiti, akazungusha kofia yake mikononi.

"Kuna kitu nataka kusema, na sijui nitasema aje. Sitaki kuvunjia mtu heshima."

"Sema tu."

"Wale wazee mlileta. Damu yao na yenu... hakuna mahali zinakutana. Hakuna kabisa. Wale si ndugu za baba yako. Ama..." Akaangalia mlangoni kama mama angetokea. "Ama baba yako si yule mama anasema."

Nikacheka. Najua haikufaa, lakini nilicheka mpaka nikashika meza. Maskini alikuwa amekuja mwendo wote ule akidhani anabeba aibu ya mama yangu.

"Daktari, baba yangu alikuwa mwanamke."

Ilibidi nimweleze polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, na ana shamba na ng'ombe, anaweza kuoa mke kwa mahari na baraka zote, ili nyumba yake isife. Yeye ndiye anakuwa mume. Watoto ni wake. Yule tuliyemwita Kogo, yaani nyanya, alimwoa mama yangu hivyo, na kwa mambo yote ya boma alikuwa baba yetu: ndiye aliyetupa ukoo, ndiye aliyetugawia shamba, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba siku yangu ya mahari. Wale wazee wawili ni wana wa mke mwenzake; na kwa kuwa Kogo alioa mahali pa mwana aliyemkosa, kimila wao ni ndugu zake, na kwa hiyo baba zetu wadogo. Yote niliyomjibu juu ya sahani ya githeri yalikuwa kweli. Kogo alikuwa mfupi, na alikufa kwa uzee.

Daktari aliacha kuzungusha kofia. "Kwa hivyo, ile punje ya baba niliweka..."

"Ni Kogo."

"Na yule mwingine? Yule mwanamume?"

"Hakuna mwingine," nikasema.

Hilo ndilo jibu tulilolelewa nalo. Mwanamume anayeingia katika nyumba ya namna hiyo hana jina, hana dai, hatajwi. Si siri, maana siri ni kitu kinachofichwa. Huyu hayupo tu. Lakini neno lilipotoka mdomoni nilimwona daktari akinitazama, na kicheko changu kikanyauka. Mwanamume alikuwapo. Huenda alikuwa mrefu. Huenda alikufa ameshika mgongo. Matumaini yangu yote ya miezi ile yalikuwa yamejengwa juu ya urefu wa bibi kizee ambaye damu yake sina hata tone.

"Bila yeye sisi tunapapasa," daktari alisema. "Muulize mama."

Kumwuliza mama! Ni rahisi kwa mtu ambaye mama yake si mama yangu. Nilimngoja jikoni, alipokuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichochomwa, nikamwuliza kwa lugha yetu, nikiangalia chini. Aliendelea kusugua.

"Baba yako amezikwa kule nyuma ya michai," alisema. "Umelipalilia kaburi lake mwenyewe."

"Mama, ni kwa ajili ya mtoto."

"Kogo alinitoa kwa watu wangu kwa ng'ombe. Nilimpa neno. Unataka nimuue mara ya pili?"

Nilimwambia maneno mabaya. Nikamwambia Kogo amekwisha kufa na mtoto wangu bado. Aliweka kibuyu chini, akatoka nje, na kwa wiki kadhaa tulisalimiana kama watu waliokutana posho mill, kwenye foleni ya kusagisha unga. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai, alijaribu kutupatanisha akashindwa, akaona heri kelele za kiwandani.

Wakati huohuo binti yangu alichaguliwa na shule kwenda kuruka juu kwenye mashindano ya wilaya. Kwa miguu ile, wangemwacha? Mwalimu alikuja nyumbani amejaa furaha. Nilimkatalia nikashindwa kumpa sababu, akaondoka akiniona mchawi. Mtoto alilia, kisha akaacha kulia, akatafuta njia yake. Alifunga kamba kati ya miti miwili nyuma ya nyumba ya mama yangu, mahali ambapo simwoni, akawa anaruka huko.

Jioni moja nilisikia mama akipiga ukunga. Nilikimbia katikati ya michai nikikwaruzwa miguu. Mtoto alikuwa amesimama ameinama, mkono mmoja umeshika ubavu, anahema. "Ni kichomi tu, mama," akasema. "Nimekunywa maji mengi." Kilikuwa kichomi tu kweli. Alipumua, akanyooka, akaenda kufungua kamba yake. Lakini mama alikuwa ameketi chini kwenye matope, leso imemwanguka, na nilipomwinua mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Ndivyo alivyoinama," alisema.

"Nani?"

"Alikuja kutupasulia nguzo za ua. Wewe ulikuwa unanyonya. Akasema mgongo unamchoma, akainama hivyo, nikadhani amejikata. Alifia kwao usiku ule. Nilipeleka kuni msibani kama jirani, nikaziweka, nikarudi. Sikulia. Ningelia kama nani?" Akashika mkono wangu kwa nguvu. "Waliponiambia kaka yako alisema mgongo, nilijua. Kila siku tangu usiku ule nimekuwa nikiwapima kwa macho."

Kumbe tulikuwa wawili. Miaka yote hiyo alikuwa akiogopa peke yake, na mimi nilidhani ndiye mtu asiyeogopa chochote.

Tulikwenda naye Ndanai, kupitia Sotik, kwa dada ya yule mtu, aliyeolewa huko. Mama alitangulia mbele yangu kwenye kijia bila kuuliza njia. Mlangoni alitoka mwanamke mzee, mrefu, amepinda mgongo, miwani yake minene kama kitako cha chupa, na nilipomwona mikono nilitaka kurudi nilikotoka. Nilikuwa nimeipima mikono ile kwa tepu maisha yangu yote, kwenye mwili wa kaka. Walisalimiana yeye na mama. Mama akasema, "Nimekuja na mtoto."

Yule mzee alichukua mkono wangu, akaufungua, akausogeza karibu na miwani. Alikaa nao hivyo.

"Tulikuwa tunawaona sokoni Sotik," alisema. "Wewe na yule mvulana. Hatukuwasalimu, kwa sababu haingekuwa vizuri." Kisha akauliza, "Yule mvulana yuko wapi?"

Mama ndiye aliyemwambia. Hapo, kwenye kiti cha nyumba isiyokuwa yake, alilia kilio ambacho nadhani kilikuwa cha watu wawili.

Shangazi, sasa naweza kumwita hivyo, alikubali kutolewa damu, na watoto wake pia. Daktari alipanga githeri upya, na safari hii punje ya baba ilikaa mahali pengine. Ile ya Kogo hakuitupa. Aliiweka juu kabisa ya sahani, akasema hajui itahesabiwaje lakini hapo ndipo inapokaa. Nilimpenda kwa hilo.

Majibu yalikuja wakati wa baridi, ule ukungu wa Julai unapokaa juu ya michai mpaka mchana. Tuliitwa wote. Mama alikuja. Binti yangu alibaki nje akichezea bomba la maji. Daktari alisema kosa limepatikana. Liko kwenye damu ya kaka, liko kwenye ya shangazi, herufi moja iliyokosewa kwenye maandishi marefu ajabu, ile ile kwa wote wawili. Sasa wanaweza kumpima mtu yeyote wa damu hiyo wakajua bila kubahatisha. Na sisi walikuwa wametupima.

"Fundi," alisema, "wewe unayo."

Sikusikia kitu tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mlango ulikuwa umefunguka upande mbaya. Kupitia dirishani nilimwona mtoto akiziba bomba kwa kiganja, maji yakimrukia, vidole vile virefu vikimeta. Nikasema moyoni, basi. Nikaanza kuhesabu ni nini nitamkataza, na kwa maneno gani.

Daktari alikuwa akiniita. Alikuwa ameniita mara kadhaa.

"Nisikilize. Mtoto hana. Ni vidole tu. Hana."

Nilimfanya arudie. Nikapiga makofi kama mwendawazimu, nikamshika daktari mikono, nikacheka huku machozi yakiingia mdomoni. Alikuwa akieleza habari za vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, nisibebe vikapu, niende Nairobi kupigwa picha kila mwaka, nami nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeelezwa safari ya mtu mwingine. Nilimgeukia mama nimkumbatie. Nilitaka tupige vigelegele pale pale.

Alikuwa amekaa, mikono mapajani, ananitazama kifuani, upande wa kushoto.

"Mtoto wako amepona," alisema. "Wangu je?"